Mtoto Anayeziba Masikio Sokoni

Soko la Kiboriloni unalijua. Magari ya kwenda Himo yanapiga honi. Makondakta wanaita abiria. Wauza nguo wanataja bei kwa sauti. Harufu ya samaki wakavu inachanganyika na moshi wa magari. Watu wanasukumana.

Katikati ya watu hao kuna mama ameshika mkono wa mtoto wa miaka sita. Ghafla mtoto anaziba masikio kwa mikono miwili. Anapiga yowe. Anajitupa chini. Watu wanasimama kutazama. Mmoja anasema, "Huyo hana adabu, mchape." Wa pili anasema, "Amedekezwa." Wa tatu ananong'ona kwamba nyumba ile ina laana.

Mama anainama, anambeba mtoto wake, anarudi nyumbani bila chumvi wala mafuta. Wiki inayofuata anakwenda sokoni peke yake. Mtoto anabaki nyumbani. Na mara nyingine, nasema kwa huzuni, anabaki amefungwa kamba.

Somo letu la leo linamhusu mtoto huyo. Nataka tujifunze jambo moja. Mtoto huyo hakukosa adabu. Mwili wake unapokea sauti, mguso, mwanga na harufu kwa namna iliyo tofauti na yako. Msaada upo. Sehemu ya msaada huo iko hospitali. Sehemu kubwa iko jikoni kwako na kihambani kwako.

NILIVYOFUNDISHWA NA MAMA MMOJA

Mimi ni tabibu msaidizi katika zahanati. Katika mwaka wangu wa kwanza wa kazi nililetewa mtoto wa namna hiyo. Alikuwa na homa na kikohozi. Nilichukua chombo cha kusikilizia kifua. Kilikuwa cha baridi. Nikamgusa nacho kidogo kidogo, maana nilidhani mguso mwepesi utamtuliza. Akapiga yowe kama aliyeunguzwa na moto. Nikaita watu wawili wamshike. Akaniuma mkono.

Nilikasirika. Nikamwambia mama yake maneno ambayo mpaka leo yananitia aibu. Nilisema, "Mama, mtoto huyu hujamlea."

Yule mama hakunijibu kwa ukali. Alisema, "Daktari, ukimgusa juu juu ndiyo unamuumiza. Mwambie kwanza unataka kufanya nini. Halafu mguse kwa kukandamiza."

Akampakata mtoto wake. Akamzungushia kanga mwilini, akambana kifuani pake. Akamwimbia kwa sauti ndogo. Baada ya dakika chache mtoto akanyamaza. Mimi nikapasha chombo changu joto kwa kiganja. Nikamwonyesha. Nikakiweka kwanza kwenye kifua cha mama, kisha kwenye kifua chake, kwa kukandamiza. Hakulia.

Nilipoangalia miguu yake niliona kovu. Lilizunguka kifundo cha mguu wa kulia. Lilikuwa kovu la kamba. Sikusema neno. Mama ndiye aliyesema. "Daktari, mimi nauza ndizi. Nisipouza hatuli. Nikienda sokoni nimwache na nani? Siku moja alitoka, tukamkuta barabara kubwa katikati ya magari."

Niliandika barua ya rufaa. Kisha nikaenda kuwauliza wanaojua zaidi yangu. Haya ninayokuandikia ni yale niliyojifunza tangu siku ile.

MILANGO YA FAHAMU

Shuleni tunafundishwa kwamba mtu ana milango mitano ya fahamu. Nayo ni macho, masikio, pua, ulimi na ngozi. Wataalamu wanataja na mingine. Leo tuongeze miwili.

Wa sita ni mizani ya mwili. Mizani hii imo ndani kabisa ya sikio. Inakuambia kama umesimama wima, umeinama au unazunguka. Ndiyo maana mtu akizunguka sana hupata kizunguzungu.

Wa saba umo katika misuli na maungio ya mifupa. Huu unakuambia mkono wako uko wapi hata kama huuoni. Ndiyo maana unaweza kutia tonge mdomoni gizani bila kukosea.

Habari zote za milango hii zinakwenda kwenye ubongo. Ubongo unazipokea, unazipanga, unaamua lipi ni kubwa na lipi ni dogo.

Sisi watu wa mlimani tuna mfano mzuri wa kazi hiyo, nao ni mfereji. Maji yanatoka juu mlimani. Mtu wa zamu anafungua mahali pa kuchepushia maji, na maji yanaingia kihambani. Akifungua kiasi, migomba na kahawa hupata maji ya kutosha. Akifungua mno, maji hung'oa miche na kuchukua udongo. Akifungua kidogo mno, miche hunyauka.

Ubongo nao hufungua na kufunga. Wewe ukiwa sokoni, ubongo wako unafunga kelele nyingi ili umsikie muuzaji aliye mbele yako. Kwa yule mtoto kelele zote zinaingia pamoja, kama mafuriko. Anaziba masikio kama vile wewe ungekimbilia kuziba mfereji uliobomoka.

WATOTO WA NAMNA MBILI

Namna ya kwanza ni mtoto anayepokea mno. Dalili zake ni kama hizi:

1. Anaziba masikio au kulia akisikia honi, ngoma au mashine ya kusaga.
2. Hapendi kuguswa kidogo, kunyolewa, kukatwa kucha au kuoshwa uso.
3. Anavua nguo kwa sababu mshono au kitambaa kinamkera.
4. Anakataa vyakula vingi. Pengine anakula mtori uliosagika vizuri lakini anatapika akipewa makande.
5. Anaogopa kubebwa juu au kubembea.

Namna ya pili ni mtoto anayepokea kidogo mno. Dalili zake ni kama hizi:

1. Anazunguka, anaruka na kujigonga bila kuchoka.
2. Anatafuna nguo, vijiti au udongo.
3. Ukimwita hageuki, ingawa masikio yake yamepimwa na ni mazima.
4. Anakamata vitu kwa nguvu mno, au anaviangusha.
5. Anaumia bila kulia. Huyu ni wa kuangaliwa sana karibu na moto, maana anaweza kuungua asiondoe mkono.

Mtoto mmoja anaweza kuwa wa namna zote mbili. Anaweza kuogopa sauti na wakati huohuo kupenda kuruka na kujigonga.

Hali hii huonekana mara nyingi kwa watoto wenye usonji. Huonekana pia kwa baadhi ya wenye utindio wa ubongo na wenye ulemavu wa akili. Wengine wanayo bila ugonjwa mwingine wowote. Haitokani na laana wala na malezi mabaya.

KWANZA TAFUTA UGONJWA

Kabla hujasema kwamba mtoto yuko hivi au vile, mpeleke zahanati. Mtoto anayeshika sikio anaweza kuwa na usaha sikioni. Mtoto anayekataa chakula anaweza kuwa na jino bovu au vidonda mdomoni. Mtoto asiyegeuka akiitwa anaweza kuwa haisikii sauti yako kabisa. Mtoto anayeduwaa ghafla kisha akarudi katika hali yake anaweza kuwa na kifafa. Magonjwa haya yana matibabu.

Mtoto aliyekuwa akisema maneno kisha akaacha kusema, au aliyekuwa akitembea kisha akaacha kutembea, apelekwe upesi. Usingoje mavuno wala karo za wenzake ziishe.

TIBA KWA VITENDO NI NINI?

Kuna wataalamu wa afya ambao watu wengi hawajawasikia. Wanaitwa watoa tiba kwa vitendo. Dawa yao kubwa ni shughuli za kila siku. Mzee aliyepata kiharusi wanamfundisha tena kufunga vifungo vya shati. Mama aliyekatika vidole wanamtafutia namna ya kushika mwiko. Mtoto wanamsaidia kula, kuvaa, kuoga, kucheza na kukaa darasani.

Mtaalamu huyo akimwona mtoto wako hataanza na sindano. Atacheza naye. Atamtazama anavyokaa, anavyoshika kijiko, anavyoshtuka. Atakuuliza maswali mengi, kwa sababu wewe ndiwe unayemjua mtoto wako. Kisha atakupa shughuli za kufanya nyumbani.

Mmoja wa walioanza kuchunguza habari hii ya milango ya fahamu ni mama mmoja wa Marekani, A. Jean Ayres. Yeye mwenyewe alikuwa mtoa tiba kwa vitendo. Kitabu chake juu ya jambo hili kilitoka mwaka 1972. Tangu wakati huo wataalamu wameendelea kuchunguza, na hawakubaliani katika kila kitu. Wengi wanakubaliana hivi: kila mtoto ana yake. Jaribu shughuli kwa majuma machache. Ikimfaa, endelea. Isipomfaa, iache.

Sisi wa Kiboriloni na vijiji vya juu hatuko mbali na msaada. Hospitali ya KCMC ilifunguliwa hapa Moshi mwaka 1971. Hapo watoa tiba kwa vitendo wanafanya kazi, na hapo kuna chuo kinachowafundisha. Anza katika zahanati yako, uombe barua ya rufaa. Ukifika hospitali sema wazi: "Nataka mtoto wangu aonwe na mtoa tiba kwa vitendo."

SHUGHULI ZA NYUMBANI

1. Andika katika daftari. Wewe uliyejifunza kusoma na kuandika una chombo kikubwa mkononi. Kila mtoto anapolipuka, andika siku, mahali, na jambo lililotangulia. Baada ya majuma mawili soma ulichoandika. Pengine utaona kwamba analipuka kila inapowashwa redio, au kila anapovaa sweta fulani. Daftari hilo uende nalo hospitali. Litamsaidia mtaalamu kuliko maneno mia.

2. Mwambie kabla. Usimguse kwa nyuma. Njoo mbele yake, mwonyeshe kitambaa, sema, "Sasa nakufuta uso." Kisha fanya. Kama haelewi maneno, mwonyeshe kwa vitendo juu ya mkono wako mwenyewe.

3. Mguse kwa mguso imara. Watoto wengi wasiopenda mguso mwepesi hutulia wakikandamizwa kwa kiasi. Mkumbatie kama anapenda. Mbane mabega kwa viganja. Kabla ya kumkata kucha, mkande vidole kwanza.

4. Mpe kazi zinazotumia misuli. Kusukuma, kuvuta na kubeba humtuliza mtoto wa namna hii. Abebe ndoo ndogo ya maji kutoka mferejini, mkiwa pamoja. Abebe furushi dogo la majani ya ng'ombe. Asukume toroli lenye mzigo mwepesi. Asaidie kutwanga au kukanda unga. Kazi iwe ya kadiri ya nguvu zake, naye asifanywe punda wa nyumba.

5. Mpe kazi za vidole. Apukuchue mahindi. Achambue maharage. Wakati wa kahawa achague nyekundu na kuacha za kijani. Kama hataki kushika kitu chenye unyevu, aanze na kikavu.

6. Mtundikie bembea. Kamba imara na gunia chini ya mparachichi zinatosha. Mbembeze polepole, mbele na nyuma. Mtoto anayeogopa aanze akiwa amepakatwa, miguu ikigusa ardhi. Akibadilika rangi, akitoa jasho au akitaka kutapika, acha mara moja. Mtoto mwenye kifafa asibembezwe kabla hujauliza zahanati.

7. Angalia nguo. Kata vitambaa vya alama vilivyoshonwa shingoni, hasa katika nguo za mitumba. Nguo laini iliyofuliwa mara nyingi ni bora kuliko mpya ngumu.

8. Usimlazimishe chakula. Mwekee chakula anachokubali, na pembeni weka kidogo sana cha kipya. Leo atakitazama. Kesho atakinusa. Siku nyingine atakionja. Akila, miguu yake isining'inie. Weka kigoda au tofali chini ya nyayo zake. Kama anapungua uzito, rudi zahanati.

9. Tenga mahali pa utulivu. Kona moja yenye mkeka, mwanga kidogo na kanga anayoipenda inatosha. Aende pale mwenyewe akizidiwa. Mahali hapo pasigeuzwe kuwa jela ya kumwadhibu.

KWENDA SOKONI KWA HATUA

Sasa turudi sokoni. Tuliza moyo, maana kazi hii huchukua miezi.

Hatua ya kwanza, mpeleke asubuhi na mapema kabla watu hawajajaa. Simameni pembeni kwa dakika chache, kisha rudini akiwa bado ametulia. Hatua ya pili, kaeni muda mrefu kidogo. Hatua ya tatu, nunua kitu kimoja tu. Mpe yeye akibebe, ili mikono na misuli yake iwe na kazi. Mvalishe kofia ya sufi inayofunika masikio, hiihii tunayovaa wakati wa baridi ya mlimani. Usimtie pamba au kijiti ndani ya sikio.

Akianza kuziba masikio, usingoje yowe. Ondoka naye. Kuondoka mapema ni sehemu ya somo.

MAMBO YA KUACHA

Usimchape. Fimbo haifundishi ubongo kupanga sauti. Inaongeza hofu juu ya hofu.

Usimfunge kamba wala kumfungia chumbani. Misuli inadhoofika, ngozi inaoza, na moto ukitokea hana pa kukimbilia. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumtendea mtoto ukatili. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inalinda haki zao, pamoja na haki ya elimu.

Usimfunike uso kwa blanketi, wala usimwekee mzigo mzito mwilini ili atulie. Anaweza kukosa pumzi.

Usiuze mbuzi wako ili ununue dawa ya kuponya usonji. Dawa hiyo haipo. Shughuli nilizozitaja haziondoi hali hiyo. Zinampa mtoto siku iliyo nyepesi zaidi, na siku nyepesi ndiyo humwezesha kujifunza.

NANI ATABAKI NA MTOTO?

Najua unaniuliza swali la yule mama. "Nikienda sokoni nimwache na nani?" Swali hilo halijibiwi na zahanati peke yake.

Yule mama alirudi kwangu baada ya kuonwa hospitali. Alikuja na daftari. Alisoma mbele ya wanawake wawili, majirani zake, yale aliyoandika juu ya mwanawe. Mmoja wao akasema, "Kumbe ni kelele! Sisi tulidhani anatuchukia." Siku ile walipanga zamu. Siku zake za kuuza ndizi, mmoja wao anabaki na mtoto, na yeye anawauzia ndizi zao. Baba wa mtoto alitengeneza lango la miti kuelekea barabarani. Kamba ilirudi kwenye kazi yake, kufungia majani ya ng'ombe.

Nilimwona mtoto huyo juzi juzi. Bado hasemi maneno mengi. Bado hapendi honi. Alikuwa amekaa pembeni mwa soko asubuhi, na kofia yake ya sufi, akipanga ndizi mafungu mafungu kwa mama yake. Nilimsalimia nikiwa mbele yake, nikampa mkono kwa nguvu. Hakuuma.

Ndugu msomaji, mwaka 1973 wazee wetu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio na kusoma vitabu vya kampeni ya Mtu ni Afya. Walijadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Nasi tukae vivyo hivyo. Soma somo hili kwa sauti kwa jirani asiyejua kusoma. Kisha mjiulize pamoja: katika kijiji chetu, ni mtoto gani ambaye hatujamwona siku nyingi?

MASWALI YA KUJADILI

1. Taja milango saba ya fahamu iliyotajwa katika somo hili.
2. Kwa nini mtoto mwingine huziba masikio sokoni?
3. Ni magonjwa gani ya kuangaliwa kwanza katika zahanati?
4. Taja kazi tatu za nyumbani zinazoweza kumtuliza mtoto.
5. Kamba ina madhara gani kwa mtoto?
6. Majirani wa mtaa wenu wanaweza kupanga zamu ya namna gani?

MANENO YA KUKUMBUKA

Milango ya fahamu: njia ambazo mwili hupokea habari.
Tiba kwa vitendo: matibabu yanayotumia shughuli za kila siku.
Usonji: hali ya ubongo inayomfanya mtu awasiliane na kupokea mambo kwa namna ya tofauti tangu utotoni.
Rufaa: kupelekwa kwa mtaalamu au hospitali kubwa kwa barua.